Namba Moja, Ghorofa ya Saba

Mtangazaji wa redio aliposema kwamba "Lifti Imekufa" ya bendi ya Wet Weekends imeruka kutoka namba ishirini na mbili hadi namba tisa, jengo zima la Dunmore lililipuka kwa kelele. Ghorofa ya nne, alikokulia mwimbaji mwenyewe, walipiga sufuria. Ghorofa ya tisa mtu alirusha karatasi ya chooni dirishani ikashuka mpaka chini kama utepe wa arusi. Ghorofa ya saba tu ndiyo iliyokuwa kimya. Huko Brenda Hoyle alikuwa ameshika birika la chai, na mumewe Cliff ameshika kichwa.

"Tisa," Cliff alisema.

"Nimesikia."

"Wiki iliyopita walikuwa ishirini na mbili. Kwa mwendo huu..."

"Cliff, nimesikia. Sina pamba masikioni."

Kutoka bafuni ikaja sauti, ruu, ruu, ruu, ya mtu asiye na habari na shida za wenzake.

Msidhani watu hawa walikuwa na kijicho. Huyo mwimbaji, Kevin Stubbs, Brenda alimjua tangu akipanda ngazi za Dunmore na kamasi puani, na mama yake, Sheila, ndiye aliyekuwa shoga yake wa kufa na kuzikana. Mwaka mwingine wowote Brenda angekuwa wa kwanza kupiga sufuria. Tatizo halikuwa wimbo. Tatizo lilikuwa video yake, kwa sababu video ilipigwa hapa hapa, sebuleni kwa Brenda, na ndani ya video hiyo walikuwemo njiwa kumi na mmoja ambao halmashauri ya mji wa Harnshaw haikupaswa kujua kwamba wapo duniani.

Njiwa walikuwa wa Cliff, njiwa wa mashindano, wa kupelekwa mbali wakaachiwa warudi nyumbani wenyewe, wenye pete miguuni na ukoo unaojulikana kuliko wa Cliff mwenyewe. Banda lao la zamani lilivunjwa kupisha maegesho ya magari, na Cliff, ambaye kiwanda cha nguo kilikuwa kimeshamwacha mikono mitupu, akasema hawezi kupoteza vyote viwili. Akawapandisha juu wakiwa ndani ya vikapu, akiwafunika kwa koti, akapigilia vijiti vya kulalia juu ya sinki la kuogea. Mwaka mzima sasa Brenda alikuwa anakwenda kuoga kwa dada yake kila Ijumaa, na taulo ndani ya mfuko wa sokoni.

Sheria ya halmashauri ilikuwa haina kona: mnyama hapandi ghorofani, na mpangaji akivunja sheria jina lake linatoka kwenye foleni ya nyumba. Na akina Hoyle walikuwa karibu kabisa kuufikia mlango. Miaka sita wamengoja nyumba ya chini, yenye bustani, na mwezi uliopita Bwana Pickersgill, afisa wa nyumba, aliwaambia kwa mdomo wake kwamba Plover Lane kuna moja inawatazama wao, bado ukaguzi wa mwisho tu. Bustani! Brenda alikuwa ameshaanika nguo kwenye kamba ya Plover Lane mara nyingi tu, usiku akiwa amefumba macho. Cliff alikuwa ameshajenga banda.

Sasa kijana wa Sheila anataka kuwa nyota.

*

Walikuja kupiga video mwezi wa pili, na Brenda hakuweza kukataa. Sheila alimwomba mlangoni, Kevin yuko nyuma ya mama yake anatazama viatu. Ungesemaje? Brenda alisema, "Karibuni tu, hamna shida," kama wanavyosema wanawake wote wa Harnshaw hata nyumba ikiwa inaungua.

Akasafisha siku mbili. Akaosha madirisha, akanunua mapazia mapya ya maua ya manjano, akaazima vikombe kumi na vinane. Njiwa akawafungia bafuni, akawaambia kwa kidole wanyamaze.

Mwongozaji alitoka London, kijana mrefu wa skafu ndefu aliyeitwa Piers. Aliingia, akasimama katikati ya sebule, akageuka polepole.

"Mama, nilikuja hapa wiki jana kuangalia tu kwa nje ya mlango, na pazia halikuwa hili."

"Ni jipya," Brenda alisema, anatabasamu. "Nimelinunua kwa ajili yenu."

"Hilo la zamani liko wapi?"

"Kwenye takataka."

"Litoe." Akashika moyo wake. "Tafadhali. Ule unyonge ulikuwa mzuri mno. Na hii karatasi ya ukutani, jamani! Hii hata ukienda kuitafuta huipati. Nani alibandika?"

"Mimi," Cliff alisema kutoka kwenye kiti.

"Inasikitisha kweli kweli," Piers alisema, na macho yakimng'aa. "Hongera, mzee."

Brenda akashuka ghorofa saba kwa miguu, maana lifti ilikuwa imekufa si kwenye wimbo tu, akalichimba pazia lake kwenye pipa la taka, akapanda nalo. Akalitundika. Uso ulikuwa unamwaka moto. Kisha akawauliza wageni nani anatia sukari na nani hatii.

Yote yangekwisha salama kama fundi mmoja wa taa asingekunywa vikombe vinne. Alitafuta choo, akafungua mlango wa pembeni. Kevin alikuwa ndiyo kwanza ameanza kiitikio, ameinua mikono, amefumba macho, anamlilia mpenzi wake aliye juu na lifti haipandi, njiwa wakatoka. Wote. Walizunguka sebule mara mbili, mpiga ngoma akaingia chini ya meza, na yule jike wa kijivu, Gladys, akatua katikati ya kichwa cha Kevin, akajikunyata, akajisaidia.

Gladys lilikuwa jina la marehemu mama yake Cliff. Brenda alikuwa na maoni yake kuhusu hilo.

"Endelea!" Piers alipiga kelele. "Usisimame! Imba, Kevin, imba!"

Kevin akaimba. Kinyesi kikimtiririka kwenye sikio, akaimba mpaka mwisho, na hapo ndipo Brenda alipojua kwamba mtoto huyu atafika mbali.

Baadaye alimfuata Piers kwenye ngazi. Alitaka kumwambia awaondoe njiwa kwenye video, kwamba kuna sheria, kuna nyumba, kuna bustani. Maneno yaliyotoka yakawa haya: "Samahani sana kwa usumbufu wa ndege."

"Usumbufu gani, mama? Ndiyo roho ya video!"

"Ahaa," Brenda alisema. "Basi vizuri."

Ndivyo alivyolelewa. Angejiuma ulimi ukakatika kabla ya kumkatalia mgeni ndani ya nyumba yake. Wakampa pauni ishirini na boksi la biskuti, wakaondoka.

*

Mwenyekiti wa chama cha njiwa, Wilf Entwistle, ndiye aliyeleta mwanga. Alikuja Jumatatu na kofia yake bapa, akasikiliza, akanyonya meno.

"Hapajaharibika kitu bado," alisema. "Kile kipindi cha muziki cha Alhamisi mimi nakijua, natazamia taarifa ya hali ya hewa nakikuta. Wengine wote huja kuimba wenyewe studio. Video nzima huonyesha ya namba moja tu."

"Na Kevin wiki ijayo anakwenda Ujerumani, mwezi mzima," Brenda alisema. "Sheila ameniambia."

"Ndiyo hivyo. Hayupo, na akiwa namba moja, wataweka video. Asipofika namba moja, hawaweki. Sasa, namba moja saa hizi ni nani?"

Namba moja alikuwa mchungaji mstaafu mwenye kipara, pamoja na watoto wa kwaya, na wimbo wa mnyama mdogo mwenye miiba, uliokwenda kwa jina la "Kalunguyeye Hana Koti". Ulikuwa umekaa juu wiki nne na taifa zima lilikuwa linauonea aibu na linaununua.

"Basi tumsaidie kalunguyeye," Wilf alisema.

Jumamosi hiyo kwenye duka la santuri, kati ya vijana wenye nywele za zambarau na pini masikioni, walijipanga wazee kumi na wawili wa kofia bapa. Hawakusukumana. Hawakutazamana. Kila mmoja alipofika mbele alishusha sauti kama anayenunua dawa ya bawasiri.

"Moja ya kalunguyeye."

"Ya wajukuu?" msichana wa duka aliuliza.

"Eee, ya wajukuu," Wilf alisema. Wilf hajawahi kuoa.

Jumapili Wet Weekends walifika namba nne. Jumamosi iliyofuata wazee walirudi, kila mtu santuri mbili, na msichana akawauliza kwani wajukuu wanazitafuna? Jumapili Wet Weekends wakawa namba mbili, mgongoni kabisa mwa kalunguyeye. Kesho yake Bwana Pickersgill alituma ujumbe kwamba ukaguzi wa mwisho utakuwa Alhamisi wiki ijayo, jioni, akitoka kazini.

"Alhamisi gani?" Cliff aliuliza.

"Hiyo hiyo ya video, Kevin akishika namba moja," Brenda alisema, akakaa chini.

*

Sheila hakuwa mtu wa kubisha hodi. Aliingia Jumanne na nywele zimefungwa vibiringishi, uso umechanua.

"Shoga! Watu wananiambia wamemwona Cliff wako kwenye duka la santuri, Jumamosi mbili mfululizo. Nikasema, sikia, yule mzee anajifanya mkavu lakini anampenda Kevin wetu. Ziko wapi? Nizione!"

Cliff alikuwa amekalia mfuko. Alijaribu kuukalia zaidi. Ukapasuka pembeni, na ikachungulia picha ya kalunguyeye amevaa skafu nyekundu.

Sheila alitazama. Akavuta moja. Akavuta ya pili. Akavuta na ya tatu, polepole, kama anayetoa miiba.

"Brenda. Hiki nini?"

"Sheila, kaa nikueleze."

"Sikai. Nieleze nimesimama."

Brenda akaeleza yote, njiwa, video, Pickersgill, Plover Lane. Sheila alisikiliza na mkono kiunoni.

"Njiwa? Kwani nani asiyejua una njiwa? Mwaka mzima unatoka Ijumaa na taulo kama unakwenda pwani!"

"Halmashauri haijui."

"Na ndiyo ukaamua kumpiga vita mwanangu? Kwa kalunguyeye?" Akaziinua zile santuri. "Kevin alipofukuzwa kiwanda cha biskuti, miaka mitatu, Brenda, miaka mitatu amekaa jikoni kwangu na gitaa la nyuzi nne, anaona haya hata kula. Nilikuwa namwachia yai langu nikisema mimi silipendi. Nalipenda yai, mimi! Leo nchi nzima inaimba wimbo wake, na rafiki yangu wa karibu anazunguka nyuma na wazee wa kofia kumvuta shati."

"Miaka sita nimengoja bustani," Brenda alisema. Alikuwa analia sasa, na hakupenda. "Sita, Sheila. Cliff alikaa hapa baada ya kiwanda kufungwa akitazama ukuta. Wale ndege ndio waliomwamsha kitandani. Nikiwapoteza wale nampoteza na yeye."

"Mimi niko hapa hapa," Cliff alisema, "nasikia."

"Nyamaza!" wanawake wote wawili walisema.

Sheila akaziweka zile santuri mezani, akazipanga vizuri.

"Nunua unachotaka, shoga, pesa ni yako. Ila usinunue mbele ya macho yangu." Akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alifunga mlango taratibu.

*

Jumamosi ya mwisho Wilf alikusanya mchango. Pauni kumi. Wazee walikuwa wameshajulikana dukani, msichana akiwaona tu anaanza kucheka, kwa hiyo wakaamua aende Brenda. Cliff alimhesabia sarafu mkononi kama anayemtuma vitani.

"Zote za kalunguyeye," alisema.

"Nimesikia."

Foleni ilikuwa ndefu. Brenda alikuwa ameshasogea nusu alipomtambua aliyekuwa mbele yake kwa koti lile la kijani lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine, kifungo alichokishona yeye mwenyewe. Sheila hakugeuka. Kijana wake angeweza kumletea boksi zima bure, lakini Sheila alikuwa amefungua kipochi chake cha senti za basi, na alipofika mbele alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Moja ya Kevin Stubbs, tafadhali. Ni mwanangu."

Msichana alimpa. Sheila akaikumbatia, akageuka, akakutana na Brenda uso kwa uso. Aliinamisha kichwa, kama watu wanavyosalimiana msibani, akapita.

"Na wewe, mama?" msichana aliuliza. "Kalunguyeye?"

Brenda alifungua mdomo. Aliwaza kamba ya nguo. Aliwaza viazi vipya vya kuchimba kwa mkono wake. Aliwaza pia Sheila akisema hapendi yai.

"Kevin," alisema. "Za pauni kumi." Halafu, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaongeza, "Samahani."

Alizificha ndani ya jiko la kuokea, mahali ambapo Cliff hajawahi kufika.

Jumapili jioni walikaa na redio. Wilf alikuwepo, anapigapiga goti kwa mdundo wa kalunguyeye, maana wimbo ulikuwa umeshamwingia damuni. Mtangazaji akasema leo tumeshuhudia pambano, akasema tofauti ni ndogo haijapata kuonekana, akasema namba mbili, baada ya wiki sita juu, ni mchungaji wetu na kalunguyeye wake. Hayo mengine hayakusikika kwa sababu jengo la Dunmore lilikuwa linatikisika kwa sufuria.

"Ndogo kiasi gani?" Cliff aliuliza. "Santuri ngapi? Kumi? Ishirini?"

Brenda alikuwa na kiazi mdomoni. Alikitafuna kwa muda mrefu sana.

*

Jumatano waliwahamisha njiwa kwenda kwa Wilf, upande wa pili wa mji. Cliff aliwabeba mwenyewe ndani ya vikapu, akarudi na macho mekundu.

"Nimemwambia asifungue mlango wa banda hata kidogo. Gladys akiona anga tu, ameshafika hapa."

"Wilf amefuga njiwa tangu kabla hujazaliwa," Brenda alisema. Alikuwa anasugua bafu kwa dawa kali, anatoka machozi, hajui kama ni dawa. Akafunga dirisha la bafuni, akalipiga komeo.

Bwana Pickersgill alifika Alhamisi saa kumi na mbili na nusu, amelowa, mwembamba, na mkoba ameukumbatia kifuani. Alikagua kuta, akakagua mabomba. Bafuni alisimama kidogo, akavuta pumzi puani.

"Mnapenda usafi," alisema.

"Sana," Brenda alisema.

Alimkalisha kwenye sofa, akampa chai na kipande cha keki. Televisheni ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitambaa, na chombo cha maua juu yake. Mambo yalikuwa yanakwenda. Bwana Pickersgill alikuwa tayari ameshasema "kwa upande wangu sioni kizuizi" mlango uliposukumwa, akaingia Sheila na mikate ya nyama, nyuma yake nusu ya ghorofa ya nne.

"Shoga, yaliyopita yamepita!" Sheila alisema, akamkumbatia Brenda kwa nguvu, akamnong'oneza sikioni: "Msichana wa duka ameniambia. Pauni kumi! Wewe mwanamke ni mwendawazimu." Akamwona mgeni. Uso ukamshuka. "Mungu wangu. Ndiyo leo?"

Ilikuwa imeshachelewa. Mtu wa ghorofa ya nne alikuwa ameshaondoa maua na kitambaa na kuwasha. Brenda angeweza kuizima. Angeweza kusema hapana, jamani, tokeni. Akasema, "Nani hajapata chai?"

Kwenye kioo kikatokea jina la wimbo, kisha ngazi za Dunmore, kisha sebule. Sebule hii. Bwana Pickersgill alitazama pazia lililo kwenye televisheni, akatazama lililo dirishani. Akatazama sofa alilokalia, akalibonyeza kwa mkono. Kikombe chake kilisimama hewani. Kevin aliinua mikono, akafumba macho, kiitikio kikaanza, Brenda naye akafumba yake.

Alisikia mbawa. Alisikia watu wakisema "aaah". Halafu akasikia kimya cha ajabu kutoka kwa Cliff, akafumbua.

Njiwa walikuwa weupe. Weupe pepepe, wanene, wenye mikia kama mapepeo ya mkononi, wanashuka polepole ndani ya moshi wa bandia, na mmoja akatua begani kwa Kevin akiwa amefungwa utepe. Hakuwemo wa Cliff hata mmoja. Yule Piers alikwenda kupiga upya kipande hicho huko kwao London. Njiwa wa Harnshaw walikatwa wote, hakubaki hata unyoya.

Walikuwa wamepona! Brenda alitaka kucheka. Alimgeukia mumewe acheke naye, akaona shingo ya Cliff imekuwa nyekundu kama nyanya.

"Cliff," alisema. "Cliff, hapana."

"Hao si njiwa!" Cliff alisimama, sahani ikaanguka. "Hao ni mapambo ya keki! Hao hawawezi kuruka kutoka hapa mpaka jikoni!"

"Cliff!"

"Gladys alimkalia kichwani mwenyewe, hakufundishwa na mtu! Tangu Nantes, Ufaransa, amekuja peke yake na upepo unampiga usoni, bingwa wa kaunti mara mbili, halafu wanamkata wanaweka kuku wa arusi! Roho ya video, alisema! Mwaka mzima nimemlaza bafuni mwangu, nampa shayiri kwa mkono..."

Aliishia hapo. Hakuna aliyemkatiza; maneno yake aliyasikia mwenyewe. Alikaa polepole. Kwenye televisheni Kevin alimaliza wimbo wake na hakuna aliyepiga makofi, hata mama yake.

Basi, Brenda aliwaza. Kwaheri bustani. Hakumkasirikia hata mumewe. Kwaheri kamba ya nguo, kwaheri viazi, na maskini Cliff wangu atarudi kuutazama ukuta.

Bwana Pickersgill aliweka kikombe chini. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Bi Hoyle," alisema, "Bi Ogden wa ghorofa ya sita, hapo chini yenu, hunipigia simu kila Jumatatu asubuhi kuhusu kinyesi cha ndege kwenye nguo alizoanika. Mwaka mzima. Lifti yenu, siku inapofanya kazi, ina manyoya. Mnadhani mimi nilifikiri ni ya nini? Mnadhani kwa nini niliwatafutia nyumba ya bustani, na si ghorofa nyingine?"

Akauvuta mkoba wake magotini.

"Sheria inasema nikimwona njiwa, nifute jina. Ndiyo sheria, sikuitunga mimi. Nimekagua, sikumwona njiwa. Nimeona njiwa wa London ndani ya televisheni, na mzee mmoja anawasema vibaya. Kusema vibaya njiwa wa London hakujakatazwa." Akavaa miwani. "Funguo za Plover Lane ni Jumatatu."

Sheila akapiga yowe. Brenda akamkatia mgeni kipande kingine cha keki. Cliff alikuwa ameuziba uso kwa mikono yote miwili, mabega yanamtikisika.

Hapo ndipo kioo cha dirisha la sebule kilipogongwa. Ko, ko, ko.

Ghorofa ya saba. Nje mvua inanyesha.

Ko, ko.

Kila mtu mle ndani alitazama kila kitu isipokuwa dirisha. Sheila alitazama mikate. Cliff, Mungu amsaidie, alishusha mikono, akaangalia saa yake, na midomo ikaanza kupiga hesabu yenyewe: kutoka kwa Wilf, upepo wa magharibi, na mvua...

"Mwendo gani huo!" alinong'ona, na machozi yanamdondoka.

Bwana Pickersgill alikuwa ameinuka. Alikwenda polepole mpaka ukutani, mbali na dirisha, akalipa dirisha mgongo, akasimama ameikazia macho ile karatasi ya ukutani kama mtu aliyelipia kiingilio kuja kuitazama.

"Chai nyingine, Bwana Pickersgill?" Brenda aliuliza.

"Nitashukuru. Sukari kijiko kimoja." Hakugeuka. "Na huyo anayebisha, mfungulieni, analowa. Ila mwambieni kuanzia Jumatatu ana anwani mpya, ajifunze."